Kabla ya kuleta roboti ya kupasua henia Moshi

Katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Moshi kumewasilishwa pendekezo la kununua roboti ya upasuaji, na kazi ya kwanza inayotajwa kwamba itafanywa nayo ni kurekebisha henia. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji na ni mjumbe wa kamati inayolijadili pendekezo hilo. Nimeona nieleze kwa kirefu ninavyolitazama, kwa sababu likiamuliwa vizuri litawafaa wagonjwa wengi wa Kilimanjaro na Arusha, na likiamuliwa kwa pupa litatuachia mashine ya bei kubwa iliyofunikwa shuka pembeni mwa chumba. Siipingi roboti. Ninachotaka ni tujue inakuja kumsaidia mgonjwa gani, na nani ataihudumia siku ambayo wageni wa uzinduzi wameshaondoka.

Henia hutokea pale ambapo ukuta wa misuli ya tumbo umelegea au una uwazi, na sehemu ya mafuta ya ndani au utumbo inajipenyeza kuja nje chini ya ngozi. Iliyo ya kawaida kuliko zote ni ya kwenye kinena. Inakadiriwa kwamba katika maisha yao wanaume wapatao 27 kati ya 100 huipata, na wanawake 3 kati ya 100. Hapa kwetu inajitokeza zaidi kwa watu ambao miili yao ndiyo mtaji wao: wapagazi wa mlimani, wabeba magunia wa Kiborloni na soko la Kilombero kule Arusha, wanawake wanaopandisha mikungu ya ndizi na kuni kwenye miteremko ya Kibosho na Marangu. Mzigo peke yake si chanzo, kwa kuwa udhaifu wa misuli mara nyingi umekuwepo tangu zamani, lakini kubeba vitu vizito, kikohozi cha muda mrefu, au kujikamua wakati wa haja kwa mzee mwenye tezi dume, vyote huusukuma utumbo uzidi kushuka.

Tatizo letu kubwa ni kwamba watu huishi na henia miaka mingi. Wengi huiita mshipa, hununua mkanda, hunywa dawa za mitishamba, na huendelea kubeba mizigo hadi siku utumbo unaponaswa kwenye ule uwazi na kukosa damu. Mgonjwa wa namna hiyo huletwa usiku akitapika, tumbo limevimba, na kazi ambayo ingefanyika asubuhi kwa utulivu na mgonjwa akarudi nyumbani jioni hugeuka kuwa ya kukata kipande cha utumbo kilichokufa. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba Tanzania ilikuwa na watu wazima zaidi ya 680,000 wenye henia za kinena zinazowasumbua, na kwamba kwa kasi ya upasuaji ya wakati ule, baada ya miaka 10 kungekuwa na henia zinazokaribia milioni 1 zinazosubiri kurekebishwa. Ninapoisikia roboti ikizungumzwa, hao ndio watu ninaowafikiria kwanza, na nasikitika kwamba katika vikao vyetu mara nyingi hawatajwi kabisa.

Kwa kweli, tiba nzuri ya henia ya kinena tunayo tayari, na si ya gharama ya kutisha. Hapo zamani madaktari walivuta misuli ya pande mbili na kuishona pamoja kwa nguvu, njia iliyoasisiwa na Edoardo Bassini wa Italia katika miaka ya 1880, na mara nyingi ilirudi kufunguka, kama nguo iliyochakaa inavyochanika pembeni mwa mshono. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Marekani aliieneza njia ya kuweka wavu laini juu ya sehemu dhaifu bila kuvuta misuli, na mpaka leo hiyo ndiyo njia ya upasuaji wa kufungua inayotumika zaidi duniani. Inaweza kufanywa kwa ganzi ya sehemu husika tu au kwa ganzi ya mgongoni, mgonjwa akiwa macho. Kilichokuwa kikikwamisha ni bei ya wavu wa viwandani. Ndiyo maana utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine una uzito mkubwa kwetu: wanaume 302 waligawanywa, nusu wakawekewa wavu wa kiwandani wa dola 125 hivi, na nusu wavu wa gharama nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua kisichotiwa dawa, uliotakaswa hospitalini, wa takriban dola 1. Baada ya mwaka mmoja, henia ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu katika kundi la wavu wa bei nafuu, na hakuna aliyerudiwa katika kundi jingine. Ningependa kila mjumbe wa kamati yetu ausome utafiti huo kabla ya kufungua vipeperushi vya wauzaji wa roboti.

Baada ya njia ya kufungua kuna upasuaji wa matundu madogo, yaani laparoskopia, ambao hospitali kadhaa za Kanda ya Kaskazini zimekwisha kuuzoea kwa kazi kama kutoa kibofu cha nyongo. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili lipate nafasi, kamera inaingizwa karibu na kitovu, na vifaa virefu vyembamba vinapitishwa kwenye matundu mengine mawili. Kwa henia ya kinena daktari anafanya kazi akiwa upande wa ndani: anaubandua utando wa tumbo, anaurudisha mfuko wa henia ulikotoka, anatandaza wavu wa sentimita 10 kwa 15 hivi juu ya uwazi, kisha anaufunika tena kwa ule utando. Roboti inafuata mapito hayo hayo. Kilichobadilika ni mkono unaoshika vifaa.

Katika mafunzo nilipata nafasi ya kusimama karibu na roboti ya aina ya da Vinci, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi tangu iliporuhusiwa rasmi Marekani mwaka 2000, na ningependa kueleza nilichokiona kwa macho ya muuguzi. Daktari mpasuaji hayupo mezani. Amekaa hatua chache pembeni, amevua glovu, ameegemeza paji la uso kwenye dirisha la mashine anamotazama picha yenye kina, na vidole vyake vimeshika vishikizo viwili huku miguu ikikanyaga pedali. Juu ya mgonjwa kuna mikono minne ya chuma iliyovishwa mifuko ya plastiki isiyo na vijidudu, na kuivisha mifuko hiyo bila kuigusa pasipostahili ni kazi inayotaka watu wawili wenye subira. Ncha za vifaa zinajikunja pande zote kama kifundo cha mkono, jambo ambalo vifaa vilivyonyooka vya laparoskopia haviwezi, na mtetemo mdogo wa vidole vya daktari unachujwa usifike ndani. Daktari akiinua kichwa kutoka kwenye dirisha, mikono yote husimama palepale. Mezani anabaki daktari msaidizi na muuguzi, nao ndio wanaobadilisha vifaa, wanaoingiza wavu na nyuzi kupitia tundu, na wanaomtazama mgonjwa kwa macho yao wenyewe.

Hili la nani anayepasua ndilo linalowatia watu hofu. Mzee mmoja kutoka Old Moshi aliyekuja kliniki na henia ya pande zote mbili alikuwa amesikia habari hizi kwa wajukuu zake, akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, hicho chuma kikizimika nami nimeshafunguliwa, itakuwaje?” Nilimjibu, “Baba, hakuna chuma kinachopasua chenyewe. Kila kinachotembea ndani ya tumbo kinatembezwa na mkono wa daktari, na daktari mwingine yuko pembeni yako tayari kuendelea kwa mikono yake.” Akanitazama, akaniuliza swali la pili ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: “Na huyo wa pembeni, ameshafundishwa na yeye?” Swali hilo nimelipeleka kwenye kamati kama lilivyo, kwa sababu sijaona katika pendekezo mstari hata mmoja unaolijibu.

Wengine wanadhani daktari atakuwa Ulaya na mgonjwa awe Moshi. Jambo hilo kitaalamu limewahi kufanyika: tarehe 7 Septemba 2001, daktari Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kutumia roboti iliyoitwa Zeus. Lakini sivyo roboti zinavyotumika kila siku, wala si kinachopendekezwa kwetu. Daktari na mgonjwa watakuwa chumba kimoja.

Sasa nije kwenye ushahidi, kwani hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu ninaowaheshimu sana. Katika jaribio lililofanyika katika hospitali 6 za Marekani na kuchapishwa mwaka 2020, wagonjwa 102 wenye henia ya kinena waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya roboti na laparoskopia ya kawaida. Katika mwezi wa kwanza hakukuonekana tofauti ya maana katika maumivu, matatizo ya kidonda wala kurejea kwenye shughuli. Muda wa upasuaji, hata hivyo, ulikuwa dakika 75.5 kwa roboti na dakika 40.5 kwa laparoskopia, na gharama ilikuwa dola 3,258 dhidi ya dola 1,421. Kwa henia ya kwanza, ya upande mmoja, kwa mtu ambaye hajawahi kupasuliwa tumbo, kwa hiyo, ushahidi huo hautupi sababu ya kumtoza mgonjwa wa Rombo au wa Monduli nyongeza ya bei. Na katika muda wa chumba chetu kimoja cha upasuaji, henia mbili zinazofanyika kwa njia ya wavu wa kawaida zina thamani kubwa kuliko moja inayofanyika kwa roboti, maana ile ya pili isipofanyika leo ndiyo itakayokuja usiku imenasa.

Ninasisitiza hili kwa kuwa tumeona jinsi teknolojia hii inavyosambaa ikishaingia. Katika jimbo la Michigan, watafiti waliofuatilia hospitali 73 walikuta kwamba henia za kinena zilizofanywa kwa roboti zilipanda kutoka asilimia 0.7 mwaka 2012 hadi asilimia 28.8 mwaka 2018. Ongezeko hilo lilitangulia jaribio la kulinganisha nililolitaja. Mashine ikishalipiwa, kila mmoja anatafuta kazi ya kuipa, na henia kwa kuwa ni nyingi huwa ya kwanza kushikwa. Marekani wana uwezo wa kubeba gharama hiyo. Sisi hatuna.

Kuna kundi la wagonjwa ambalo kwa hilo nakubaliana na madaktari wetu kwamba roboti inaweza kuwa na nafasi. Hao ni wenye henia kubwa kwenye makovu ya upasuaji wa zamani: mama aliyepasuliwa uzazi mara kadhaa, kijana aliyefunguliwa tumbo zima baada ya ajali ya bodaboda, mtu ambaye wavu wake wa kwanza umeachia. Ukuta wa mbele wa tumbo uko juu ya kamera, hivyo daktari anayetumia laparoskopia analazimika kushona akielekea juu kwa vifaa vilivyonyooka, kazi ngumu inayochosha mabega na inayowashinda wengi. Vifundo vya roboti vinamwezesha kufunga uwazi wenyewe kwa uzi na kuulaza wavu katikati ya tabaka za misuli, mbali na utumbo, bila kumpasua mgonjwa mpasuo mrefu juu ya kovu lake la zamani. Hata hapo inabidi tuwe wakweli, kwani majaribio yaliyolinganisha roboti na laparoskopia kwa henia za ukuta wa tumbo huko Marekani nayo yalionyesha muda mrefu zaidi wa upasuaji na hayakuonyesha kwamba siku za kulazwa zinapungua. Faida inayotarajiwa ni dhidi ya mpasuo mkubwa wa wazi, ambao kwa wagonjwa wetu wa aina hii ndiyo njia inayotumika sasa. Nawafahamu wamama waliokaa wodini wiki nzima na zaidi kwa sababu kidonda cha namna hiyo kimeoza. Kama roboti inaweza kuwapunguzia hilo, basi nitakuwa wa kwanza kuivisha mifuko yake kila asubuhi.

Bei ya roboti moja hufika dola milioni 1 hadi milioni 2 na zaidi, na mkataba wa matengenezo kwa mwaka mara nyingi huzidi dola 100,000. Kinachosahaulika ni vifaa vinavyofungwa kwenye mikono yake. Kila kimoja kina kifaa kidogo cha kielektroniki kinachohesabu matumizi, na idadi iliyopangwa na mtengenezaji ikifika, mashine inakikataa hata kama kwa macho bado ni kizima. Mfadhili anayetoa roboti bila vifaa hivyo ametupa gari bila mafuta, tena mafuta yanayouzwa na duka moja tu. Kisha kuna usafi. Ndani ya kila kifaa kuna nyaya nyembamba na mirija ambayo damu ikiganda haionekani, kwa hiyo lazima kisukumwe maji kwa shinikizo, kisuguliwe, kioshwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kikaushwe, ndipo kiingie kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke. Wahudumu wetu wa chumba cha utakasaji ni wachache na maji hayatoki kwa shinikizo moja siku nzima. Nimeomba wawili kati yao waingizwe kwenye orodha ya watakaopelekwa mafunzoni, na waorodheshwe kabla ya madaktari, kwa kuwa daktari hodari akipewa kifaa kichafu atapandikiza maambukizi kwenye wavu, na wavu uliopata maambukizi mara nyingi hauna dawa isipokuwa kutolewa.

Umeme nao unahitaji mpango wake. Roboti ina betri ya akiba ya muda mfupi, lakini mashine ya gesi, taa, kamera na mashine ya usingizi vyote vinategemea jenereta, na sekunde zile za kusubiri jenereta iwake zinajulikana kwa kila aliyewahi kusimama kwenye chumba cha upasuaji cha nchi hii. Kifaa cha kudumisha umeme kati ya kukatika na kurudi kiwe sehemu ya ununuzi tangu siku ya kwanza. Vilevile awepo fundi wa vifaa tiba aliyeajiriwa na hospitali yenyewe. Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha uhandisi wa vifaa tiba, na ingekuwa aibu mashine kusimama kwa mwezi mzima ikimsubiri mtaalamu wa ng'ambo wakati vijana waliosomea kazi hiyo wako saa moja na nusu tu kwa barabara kutoka kwetu.

Kuhusu mafunzo ya upasuaji wenyewe tuna bahati ya mahali tulipo. Makao makuu ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yako Arusha; hospitali ya rufaa ya KCMC imekuwa ikifundisha madaktari bingwa wa upasuaji kwa miongo mingi hapa hapa Moshi; na taasisi ya IRCAD, iliyoanzishwa na yule yule Marescaux, ilifungua mwaka 2023 kituo chake cha Afrika mjini Kigali kwa ajili ya kufundisha upasuaji wa matundu madogo. Afrika Kusini imekuwa ikitumia roboti tangu 2013, ikianzia hospitali moja ya Pretoria, kwa hiyo uzoefu upo barani na hakuna haja ya kila mtu kwenda Ulaya. Pendekezo langu ni kwamba daktari asikalishwe kwenye roboti kabla hajaimudu laparoskopia ya henia, kwa sababu mashine ikigoma katikati ya kazi, laparoskopia au kufungua ndiko atakakokimbilia.

Na kabla ya mgonjwa wa kwanza, timu nzima ifanye zoezi la kuiondoa roboti kwa dharura. Mikono ikishafungwa kwenye matundu ya mgonjwa, kwa mashine nyingi kitanda hakiruhusiwi kusogezwa, na mtaalamu wa usingizi hawezi kumfikia mgonjwa kirahisi. Moyo ukisimama au mshipa mkubwa ukipasuka, kila mtu anatakiwa ajue neno litakalotamkwa, nani anachomoa vifaa, nani anafungua mikono, nani anasukuma mashine nyuma, na nani anamkabidhi daktari kisu. Zoezi hilo lifanywe kwa saa ya ukutani, na lirudiwe kila anapokuja mfanyakazi mpya. Hapo ndipo swali la mzee wa Old Moshi litakapopata jibu.

Limebaki suala la ridhaa na malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wagonjwa wengi wanatarajia kwamba kadi itamaliza kila kitu. Mgonjwa anayepewa nafasi ya roboti aelezwe kwa Kiswahili chepesi kwamba ni njia mpya hapa kwetu, kwamba daktari wake ameshafanya kazi ngapi kwa njia hiyo, kwamba ipo njia nyingine ya wavu yenye matokeo mazuri, na kwamba tofauti ya bei italipwa na nani. Akichagua njia ya kawaida asirudishwe nyuma kwenye foleni.

Kwenye kikao kijacho nitaomba yaandikwe mambo mawili kwenye muhtasari. La kwanza ni kwamba katika mwaka wa kwanza roboti itumike kwa henia za makovu na zilizorudi tu, huku henia za kawaida zikiendelea kufanywa kwa wavu, na idadi yake isiruhusiwe kupungua hata kidogo. La pili ni daftari moja la wagonjwa wote wa henia, wa roboti na wasio wa roboti, lenye muda wa upasuaji, siku za kulazwa, kidonda kilivyopona, gharama aliyolipa mgonjwa, na namba ya simu ya kumfuatilia baada ya mwaka mmoja. Nimejitolea kulisimamia daftari hilo mwenyewe, na mkuu wa idara ameshakubali liwe na meza yake kliniki.